Matairi Manne ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, kasafiri kikazi. Trela lake kaliacha uani kwetu. Sharti ni moja. Akirudi akakuta matairi mazima, nitalitumia trela bure, nami nianze biashara ya kukodisha viti na mahema. Akikuta yameharibika, atampa jirani yetu, Mzee wa Mahema, mwenye biashara hiyohiyo na trela kama hilohilo. Matairi manne tu. Kazi gani hiyo?

Alhamisi, 13 Juni
Fundi matairi kasema jua ndilo linaloua tairi lililosimama. Nimeyapaka mafuta ya kula. Yanang'aa. Nikaenda kumsimulia, akashika kichwa. Eti mafuta yanakula mpira. Mbona mimi najipaka kila siku na sipasuki? Nimeyaosha, ila mbwa wa mtaa walishayaramba mawili.

Jumapili, 23 Juni
Mke wangu anatafuta pazia la sebuleni. Limefunika matairi. Kaniuliza nimemwoa yeye au trela. Nikamwambia trela ni la kaka yake. Akasema hilo si jibu.

Jumatano, 3 Julai
Fundi tena. Trela likikaa palepale, uzito unaminya tairi upande mmoja. Eti niliinue, au niwe nalisogeza. Nikamuuliza nalisogezaje likiwa juu. Akasema nichague kimoja. Kipi sasa? Kichwa kinaniuma. Nimeliinua juu ya mawe, nikayavua matairi kabisa. Tairi lisilo na trela litaminywa na nini? Mke wangu kakataa yalale ndani.

Jumamosi, 6 Julai
Mzee wa Mahema kajitolea kuyahifadhi bandani kwake. Bure! Mjinga ndiye aliwaye, na safari hii siye mimi. Kivuli chake, faida yangu. Mke wangu kauliza mbona mzee alikuwa anacheka. Nimemwambia ni ujirani mwema.

Jumanne, 20 Agosti
Shemeji karudi bila taarifa. Kakuta trela limeatamia mawe. Kauliza matairi. Nikampeleka bandani kifua mbele. Banda tupu. Mara Mzee wa Mahema huyo anaingia, trela lake limejaa viti, limevaa matairi yetu.
Nilimuuliza kama huko ndiko kuhifadhi. Akajibu kwa upole kwamba alikuwa anayazungusha kidogo, yasiminywe upande mmoja. Shemeji akainama, akabonyeza, akapapasa. Hayana ufa hata mmoja. Akamshukuru yeye, eti ndiye aliyeyatunza! Trela limehamia kwake jioni hii. Nimeumia, sitaficha.

Alhamisi, 22 Agosti
Nimewaza mpaka nimeliona kosa. Matairi manne ni mengi mno kwa mtu mmoja. Shemeji kanionea huruma, kaniachia toroli lake nibebee viti. Lina tairi moja tu. Nimeshalivua. Natafuta jirani mwenye kivuli.