Mapigo Sabini kwa Dakika

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepimwa presha. Juu 168, chini 104. Sista Maxine wa kliniki iliyo nyuma ya soko alirudia mara mbili akidhani mashine imeharibika. Mashine ni nzima. Anasema moyo wangu unafanya kazi kama wa mtu anayepanda mlima, na mimi nimekaa tu kwenye kiti. Kanipa vidonge, kisha akaniamuru nitembee kwa kasi nusu saa kila siku. Eti moyo ni msuli, na msuli usiopewa kazi hulegea.

Nikamweleza kwa heshima kwamba nina bucha hapa soko la Gakoromone, Meru, miaka ishirini na saba, na mioyo niliyoishika kwa mikono hii yeye hajaiona hata robo.

"Hiyo uliyoishika ilikuwa imeshasimama," akasema.

Sikupenda. Nyumbani nimemwambia mke wangu Safiya kwamba kliniki wamenisifu.

Jumatano, 3 Septemba

Habari mbaya. Mama Karambu, mwenye ile hoteli kubwa ya barabara ya juu, anatafuta mtu wa kumletea nyama kila siku. Hoteli nzima! Na leo asubuhi nimemwona akikimbia, na pembeni yake nani? Mugendi. Huyu Mugendi alitoka Runyenjes mwaka jana tu, akafungua bucha mkabala na yangu, na kila siku ananisalimia kwa adabu nyingi. Bado natafuta nia yake. Alikuwa na raba nyeupe. Wanakimbia huku wanaongea. Wanaongea nyama, bila shaka.

Saa nne Mama Karambu akapita kwangu. Nikamwambia hata mimi ni mkimbiaji, tangu ujana, ila sipendi kujionyesha. Alilitazama tumbo langu kwa muda. Akasema tukutane kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekimbia. Kutoka sokoni hadi kwenye kinu cha unga, kama mita mia mbili. Moyo ulihamia masikioni. Mapafu yalikataa hewa, au hewa iliyakataa. Jasho lilitoka mahali ambapo sikujua kuna matundu. Nikainama nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Mugendi akarudi kunisubiri, mnafiki. Akaniambia kila mtu huanza hivyo: miguu inadai hewa, na moyo na mapafu bado havijazoea kuipeleka haraka. Nikamwambia nina mafua.

Ijumaa, 5 Septemba

Miguu si yangu. Ngazi nimezishuka kinyumenyume. Msikitini kusujudu hakukuwa na tabu, ila kuinuka ilibidi nimshike jirani bega. Nikampigia simu Sista Maxine. Anasema misuli imechanika kidogo kidogo, na itajiunga ikiwa na nguvu kuliko mwanzo. Nikamuuliza kama haiwezi kupata nguvu bila kuchanika kwanza. Akakata simu.

Safiya anasema usiku sikukoroma, mara ya kwanza tangu tuoane. Sijui ana maana gani. Mimi sikoromi.

Nimeamua kutumia akili badala ya miguu.

Jumatatu, 8 Septemba

Akili imefanya kazi kupita kiasi.

Leo njia ilikuwa ya kupanda hadi kwenye tangi la maji. Niliwaacha wenzangu watangulie, nikasema nanyoosha viungo. Kisha Gachoki, kijana anayeegesha boda boda mbele ya bucha yangu, akanipitisha njia ya nyuma. Walipofika juu walinikuta nimesimama, nimejimwagia chupa nzima ya maji kichwani. Mama Karambu hakuamini. Akanishika mkono, akatazama saa yake, akahesabu. Mapigo sabini kwa dakika. Yake yalikuwa mia na arobaini.

Nikajua nimekwisha. Kumbe hapana. Akamgeukia Mugendi akamweleza kwamba moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, ndiyo maana unapiga polepole na kutulia upesi. Ati mimi nina moyo wa bingwa.

Halafu akatangaza uamuzi wake. Tarehe 27 kuna mbio za kilomita kumi Kibirichia. Kati yangu na Mugendi, atakayemtangulia mwenzake ndiye atakayeuzia hoteli nyama.

Kibirichia! Kule juu kwa viazi na baridi, ambako hata hewa ni haba. Na njia nzima kutakuwa na watu wa kusimamia. Gachoki amenipa pole.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimelazimika kununua raba na kukimbia kweli. Leo siku ya tisa, peke yangu, kabla soko halijaamka ili nisionekane. Mambo ya ajabu yanatokea. Asubuhi hii nilikipita kinu cha unga bila kukumbuka kwamba kipo. Tumbo, ambalo lilikuwa likikaa siku tatu bila habari, sasa linafanya kazi kama saa ya ukutani. Mkanda nimeutoboa tundu jipya. Jana nilibeba paja la ng'ombe kutoka garini hadi kwenye ndoano, na sikuhema.

Nimechunguza sababu kwa makini. Ni hali ya hewa ya mwezi huu.

Ijumaa, 26 Septemba

Sista Maxine amenionya nisile chakula kizito kabla ya mbio. Damu hukimbilia tumboni kusaga chakula, na miguu nayo inaitaka damu hiyo hiyo. Nimemwelewa vizuri sana.

Nimemwomba Safiya apike matumbo na chapati nne. Ni zawadi ya Mugendi, kesho asubuhi. Safiya alifurahi kuona nimeanza kupenda watu.

Jumamosi, 27 Septemba

Mugendi alipoiona sahani machozi yalimlengalenga. Akasema tangu ahamie Meru hakuna aliyewahi kumletea chakula. Akakataa kula peke yake, kwao huwezi kutafuna mgeni akikutazama. Tukala. Chapati mbili mbili. Nilimwongezea mchuzi, naye akaniongezea.

Kilomita ya nne kichomi kikanishika ubavuni kama kisu changu mwenyewe. Mugendi alikuwa amenitangulia mbali. Kilomita ya sita nikamkuta ameketi kando ya shamba la viazi, uso umekuwa rangi ya majivu, mkono mbavuni.

Nikampita. Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilimpita hatua kama ishirini. Kama angeniita ningeendelea. Hakuniita. Nikageuka, nikarudi, nikaketi.

Akaniambia baba yake alianguka kwenye foleni ya kupima kahawa, kule Runyenjes, gunia likiwa bado begani. Presha, na hakuna aliyejua kwamba anayo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mugendi ana arobaini na saba.

"Nikikimbia, mzee Idris," akasema, "naona kama ni yeye ninayemwongezea miaka."

Nikamwambia 168 kwa 104, namba ambazo hata Safiya hajazisikia. Nikamwambia na nia ya zile chapati. Alicheka hadi kichomi kikamrudia, na mimi kikanirudia kwa kumtazama.

Tulimaliza tukitembea, wa mwisho kabisa, nyuma ya kina mama waliokuja na leso viunoni. Mama Karambu alisema hajaona aliyemtangulia mwenzake. Mugendi atauza hotelini nyama ya ng'ombe, mimi ya mbuzi.

Nimemweleza Safiya kuhusu presha. Hakunigombeza. Amekaa tu akinishika mkono, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumatatu, 29 Septemba

Juu 136, chini 86! Sista Maxine ametabasamu, sikujua ana meno mazuri hivyo. Anasema vidonge vimefanya yao na miguu imefanya yake: moyo una nguvu zaidi, mishipa imelegea, damu inapita bila kusukumana. Niendelee na vyote viwili, maana mwili ukiacha mazoezi hurudi ulikotoka.

Vidonge sawa. Hilo lingine ni maneno ya kazi yake. Kitu kikishatengenezwa hakitengenezwi tena. Raba nimezifungia kabatini.

Jumanne, 30 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia. Mugendi, yuko nje ya lango, tayari kwa mbio zetu. Mimi niko chini ya blanketi.

Nikamjibu kwa sauti ya chini, nikihema kidogo, kwamba nilitoka mapema, sasa niko mbali huko kilimani. Akasema vizuri sana mzee, nisipunguze mwendo, atanifikia.

Nimemsikia akipita chini ya dirisha, anaongeza kasi. Namfurahia. Mazoezi yatamsaidia sana.