Mguso Ambao Waamuzi Hawakuuona

Jumatatu, 4 Machi

Klabu yetu ya vitara, mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba zenye ncha butu, itaandika historia yake kabla wazee hawajatuishia. Anatafutwa mtu wa kurekodi simulizi za makocha na wachezaji wa zamani. Nimejitolea kabla katibu hajamaliza sentensi. Anayeshika kinasa sauti ndiye anayechagua maswali! Fainali niliyomshinda Korongo miaka thelathini iliyopita lazima iingie kitabuni. Korongo mwenyewe alikuwepo, na miguu yake mirefu ileile. Akanipongeza. Namshuku.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na mama aliyetushonea makoti meupe, nisionekane nina upendeleo. Nilimpangia dakika kumi, nikakaa saa mbili. Kumbe barakoa zetu za kwanza zilikuwa waya wa chekeche, na mtu alizivua akiwa na miraba puani. Kumbe kifuani alishona turubai tabaka tatu, tangu siku mchezaji mmoja alipochomwa ubavuni. Nimevaa koti lile miaka tisa, sikuwahi kuuliza. Kuhusu fainali yangu, akasema hakuja, alikuwa anajifungua. Watu wengine hawana mpangilio.

Alhamisi, 7 Machi

Zamu ya Mwalimu, kocha wetu. Magoti yamechoka, kumbukumbu bado wembe. Akaeleza kwamba kabla ya taa za umeme zinazowaka mtu akiguswa, waamuzi wanne walikodoa macho tu. Wasipoona, aliyeguswa alinyoosha mkono mwenyewe na kukiri. Ndiyo ilikuwa heshima ya mchezo. Nikamwomba tufike kwenye fainali yangu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia tena sana, Mwalimu.

Akasema aliona ncha ya Korongo ikitua kifuani mwangu, upanga ukapinda. Waamuzi hawakuona. Yeye akasubiri ninyooshe mkono. Sikunyoosha, nikashambulia, nikashinda. Akasema anasubiri mpaka leo. Hakukasirika hata kidogo. Bora angenitukana.

Ijumaa, 8 Machi

Swali limeninyima usingizi: aliona kutoka pembe ipi? Asubuhi nimempa mke wangu mwiko, awe Korongo. Kioo cha kabati kikawa Mwalimu. Mwiko ukanigusa, kiooni ukaonekana vizuri kabisa. Ajabu! Mke wangu akauliza, kwani siku ile niliguswa au sikuguswa? Nikamwambia historia ni jambo pana. Akanichoma tena, bila kuombwa.

Mchana nimefuta dakika saba za Mwalimu. Roho iliniuma, lakini si sana.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao. Katibu akacheza rekodi mbele ya wote. Kumbe nilikosea, nikafuta simulizi ya yule mama na turubai zake! Mwalimu alikuwa mzima, kila neno, mpaka hapo anaposema anasubiri. Korongo akainuka, akanijia. Nikajua leo ndiyo leo.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema alijua siku zote kwamba ipo siku ningekiri. Katibu akasema kati ya wote waliomo katika historia hii, ni mimi tu niliyeleta ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Makofi. Mwalimu akafuta macho kwa kiganja.

Nilipaswa kusema neno, na neno lenyewe nilikuwa nalo. Nikatazama kama kuna aliyegundua kwamba nilikusudia kumfuta Mwalimu. Hakuna. Nikainamisha kichwa kwa adabu.

Sasa wanaandika sura nzima kuhusu uaminifu wangu. Korongo ameomba kuandika utangulizi. Nimemruhusu ukurasa mmoja, maana picha yangu inahitaji nafasi.