Magoti ya Cucu na Sufuria ya Mukimo

Jumatatu, 4 Agosti
Hapa mtaani Free Area, Nakuru, hakuna sherehe iliyowahi kufana bila mukimo wa Cucu, nyanya yangu, ule wa viazi, mahindi na majani ya malenge. Hakuna! Leo Mama Shiru, bosi wa wapishi wa kanisa, amekuja kumwambia ati Jumamosi, wageni wakileta mahari ya jirani yetu Wangeci, yeye akae tu kwa tenti aletewe soda. Ati magoti yake yamechoka, wasije wakapika na kubeba mgonjwa siku moja. Akacheka. Cucu akasema sawa. Halafu chai yake ikapoa bila kuguswa.
Nilitaka kumjibu huyo mama. Nikatazama viatu vyangu. Lakini kichwani mimi ni jenerali.

Jumanne, 5 Agosti
Cucu akiwa amelala mchana, nimechukua simu yake nikaandikia grupu ya akina mama wa kanisa: Bwana asifiwe! Magoti yamepona kabisa. Niko tayari kuponda mukimo. Kiswahili safi, hata mwalimu angepiga makofi. Amen zimemiminika. Mama Shiru ameandika "Ok" pekee. Ameisha huyo!

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Wamekuja wote na nyimbo mpaka kwa geti, kushangilia muujiza. Wanataka Cucu atoke acheze. Cucu, ambaye kutoka kitandani hadi kwa kochi ni safari! Ameshikilia ukuta, akatabasamu, hakunitaja. Mama Shiru akatangaza kwamba kwa vile Mungu ni mwema, Jumamosi Cucu atachota maji pia. Mimi nilikuwa chooni, nimejifungia, nikichungulia kwa tundu la mlango.
Baadaye Cucu ameuliza, kama asiyejua, nani aliandika. Nikasema labda ni network. Akasema network haijawahi kumshukuru Bwana.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpango wa pili: aseme ameshikwa na homa. Cucu amesema nikiendelea kumtoa ugonjwa huu na kumpa ule, madaktari wa Nakuru watakosa kazi. Kesho anaenda. Sijui atafanya nini.

Jumamosi, 9 Agosti
Cucu amefika kwa fimbo. Akawaambia wapishi wote kwamba hajapona, ila ana mjukuu mwenye imani kubwa kuliko akili. (Nikatazama viatu vyangu tena.) Lakini mukimo hupondwa sufuria ikishashushwa chini, akasema, kwa hivyo anataka kreti tupu ya soda ya kukalia na watu wawili wa kushusha sufuria. Tenti hataki.
Mama Shiru akabisha, ati mpishi aliyekaa ni mgeni. Cucu akamwambia, wewe mama, umesimama miaka hii yote na mukimo wako bado una mabonge. Wamama walicheka mpaka moshi ukawapalia! Mama Shiru mwenyewe ndiye alileta kreti. Akaitandikia leso.
Na Cucu akaponda! Mikono ile! Mukimo kijani kama shamba la Njoro baada ya mvua. Wazee waliokuja na mahari wakaomba tena. Nilikuwa karibu nilie mbele ya watu, nikiwaonyesha, yule ni cucu wangu.
Tukirudi akasema ningemuuliza tu, angeniambia tangu Jumatatu kwamba shida ni kiti.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefikiria sana. Bila ujumbe wangu, hiyo kreti ingetoka wapi? Ushindi ni wangu!
Sasa kuna Mzee Odero wa mlango wa pili. Masikio yamekataa, na ameacha kucheza drafti kwa sababu wenzake humcheka. Kumuuliza anataka nini, naona haya. Lakini leo amenipa simu yake nimchajie.
Haina password.