Kwa Miguu Hadi Makobola

Jumamosi, 25 Aprili 1964. Nyamianda, Uvira.

Siku ya tatu kwa Evariste. Napendwa sana hapa. Mama yake ananipa kichwa cha samaki kila mlo, na sina moyo wa kumwambia kwamba sipendi kutazamwa na chakula. Evariste ni rafiki wa kweli. Tulipokuwa wote Kigoma, yeye bandarini kwa Wabelgiji, mimi karani wa mizigo pale stesheni, tuligawana chumba, sabuni na homa. Sasa amerudi kwao, anafanya kazi bandari ya Kalundu, nami nimekuja likizo ng'ambo. Ziwa ni lile lile, lakini nimegongewa muhuri.

Nia halisi ya safari naiandika hapa tu: Léocadie, dada yake. Anashona barazani, mdomo umejaa pini, na bado anacheka. Nataka arudi nami Kigoma kama mke wangu. Tena haraka. Watu wanasema waasi wako bondeni Ruzizi, na majirani wameanza kufunga mizigo. Likizo yangu inaisha wiki ijayo. Nikirudi bila yeye, na vita ikafika hapa, sijui nitalalaje.

Kikwazo: Mathieu. Mwalimu wa shule hapa Uvira, lakini kwao ni Makobola, kusini kando ya ziwa. Ana baiskeli yenye kengele mbili. Mbili za nini?

Kiswahili chao kinanitesa. "Minye" badala ya mimi, "weye" badala ya wewe, "iko" kila mahali. Nimeanza kuwasahihisha taratibu. Nadhani watanishukuru baadaye.

Jumapili, 26 Aprili.

Mathieu kaja baada ya misa. Kala. Kapiga kengele zote mbili kwa ajili ya watoto wa jirani. Léocadie akamtania kwamba hajawahi kumwona akigusa ardhi. Kisha akasema, na naandika alivyosema: "Minye sijaona bado muntu anakuya kwa miguu juu yangu."

Nikamsahihisha. Nikamwambia mtu hawezi kuja kwa miguu juu ya mtu mwingine, ataumiza. Evariste akanieleza kwamba huku "juu yangu" ni "kwa ajili yangu". Sawa. Lakini moyo ulikuwa umeshadunda. Kwa miguu, kwa ajili yake! Mwanamke amenifungulia mlango waziwazi!

Nikasimama. Nikatangaza kwamba kesho nitatembea peke yangu, kando ya ziwa, kutoka Uvira hadi Makobola na kurudi. Kwa nini? Kwa kupenda kutembea tu. Mama Anne-Marie, mama yao, akaniuliza kwa huruma nani amekufa huko Makobola. Evariste akasema barabara imejaa wanajeshi na mimi nina wazimu. Mathieu akanipa baiskeli yake niiazime. Ujanja huo! Nikakataa kwa adabu nyingi.

Mpango wenyewe: kutembea hadi Kalundu huku kila mtu akiniona. Halafu kuna lori la samaki linaloelekea kusini asubuhi. Napanda. Nashuka kabla ya Makobola, najipaka vumbi. Nimevaa viatu vipya vya Kigoma. Vinabana kidogo ila vinang'aa.

Jumatatu, 27 Aprili. Naandika nimelala chali.

Lori halipo. Wanajeshi wamelichukua tangu Ijumaa, nalo lilikuwa na samaki ndani. Nikasimama pale kama kifurushi kisicho na anwani. Kurudi? Léocadie alikuwa amenipungia mkono na kitambaa! Ikabidi nitembee kweli.

Nakiri ilikuwa nzuri mwanzoni. Milima kulia, inashuka karibu kuingia ziwani. Kushoto maji, na wanawake wanaanika ndagala, yaani dagaa, kwenye mchanga. Lakini watu wa huku hawaelewi mtembezi. Kila mtu aliniuliza nani anaumwa. Nikasema hakuna. Basi nani anaoa? Hakuna. Mama mmoja akanibana: basi naenda kufanya nini? Nikamwambia naangalia ziwa. Akaligeukia, akaniuliza kama lile la Uvira limekauka.

Kisha akaamua kwamba mtu asiye na shughuli hawezi kupita mikono mitupu. Akaniletea kuku mzima, amefungwa miguu, nimpelekee binti yake Makobola aliyejifungua majuzi. Nikajaribu kueleza kwamba matembezi ya burudani hayana kuku. Akanibariki.

Viatu vikaanza kuniua. Kuku akaninyea shati.

Kisha bariyeri. Gogo barabarani, wanajeshi watano, na kaporali mmoja mnene mwenye redio. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema, kwa fahari, mimi ni raia wa Tanganyika. Akaangalia pasipoti. Akaangalia redio. Akasema hiyo nchi haiko tena. Nikasema iko, nimeiacha wiki iliyopita ikiwa nzima. Akasema hapana, jana imeungana na Zanzibar, redio imesema, sasa ni nchi nyingine; basi mimi mwenye karatasi za nchi isiyokuwapo ni nani, na natembea peke yangu nikiangalia nini? Nikasema ziwa. Wakatazamana.

Akanguruma: "Tosha shati!"

Ah, nikajisemea, mtu mwenye adabu kumbe. Nikamjibu, "Asante, afande. Linatosha vizuri, ila mabegani linabana kidogo."

Akarudia kwa sauti ya kuvunja gogo. Nikamhakikishia tena kwamba linatosha, hata na viatu vingetosha kama si joto. Mmoja akakoki bunduki. Kumbe huku "kutosha" ni kuvua! Walitaka kuona kama mabega yangu yana alama ya mkanda wa bunduki. Nikavua shati. Nikavua na viatu. Ningevua na meno.

Hakuna alama. Kaporali akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye gogo, akawaita wengine, akanilazimisha kusema tena ile ya mabegani. Lakini hakuniachia. Akasema mpelelezi anaweza pia kuwa mjinga, na kwamba nitalala pale mpaka mtu anayejulikana aje kunisemea. Na kuku atapikwa.

Hapo sijui nilipatwa na nini. Nikasema kuku hapikwi. Kuku ni wa mzazi. Nilikuwa tumbo wazi, nimemkumbatia yule kuku, nasema hapikwi. Niliogopa sana. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jua linazama, nikasikia kengele. Mbili.

Mathieu! Evariste, alipoona sirudi, alikwenda kumtafuta shuleni amwombe anifuate. Akashuka, akamsalimia kaporali kwa jina, akamwambia huyu ni ndugu yetu. Hakusema mgeni. Alisema ndugu yetu. Kaporali akaniruhusu kwenda. Mathieu akaenda mbio na kuku hadi kwa yule binti, akarudi, akanipakia kwenye keria. Nikaingia Uvira nimekaa nyuma ya mpinzani wangu, peku, viatu shingoni. Nyamianda nzima walikuwa nje.

Hata hivyo, nusu ya njia nilitembea. Hilo hakuna wa kunipokonya.

Jumatano, 29 Aprili.

Malengelenge. Léocadie ameniosha miguu kwa maji ya chumvi. Aliniambia mimi ni mjinga mkubwa, na kwamba alilia Jumatatu mpaka tuliporudi. Alilia! Kwa ajili yangu! (Mama anasema alilia kwa ajili yetu wote, kwa sababu Mathieu naye alikuwa njiani. Mama hajui mambo haya.)

Leo habari ni mbaya. Familia mbili za mtaani zimevuka kwenda Usumbura na magodoro. Evariste hali vizuri. Basi nikasema. Nikamwambia Léocadie: vita inakuja, Kigoma kuna amani, nina chumba, nina kitanda, nina mshahara, njoo. Akashona mstari mzima hadi mwisho. Kisha akaniangalia, macho yamejaa machozi, akasema: "Ndiyo. Tutakuya. Mungu akubariki, Kizito."

Tutakuya! Nimelisoma neno hilo kila upande. Wingi wa heshima. Bibi harusi mstaarabu hawezi kujisema peke yake. Kiswahili chao kina uzuri wake mtu akizoea.

Ijumaa, 1 Mei. Ndani ya boti.

Haikuwa wingi wa heshima.

Tulifika Kalundu alfajiri. Léocadie na cherehani yake. Mama Anne-Marie amekataa kuondoka. Amesema huko atawapikia nani samaki. Na pale kwenye gati, amevaa koti, Mathieu. Walikuwa wachumba tangu Krismasi. Kila mtu alijua. Evariste anaapa kwamba aliniambia siku ya kwanza. Aliniambia eti Mathieu "iko mwenye Léocadie", nami nikamsahihisha sarufi.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki kabisa. Lakini Evariste akanishika mikono yote miwili. Akasema tu nimwangalie dada yake. Yeye anabaki na mama. Nikalia kama mtoto, mbele ya wapagazi wote. Baiskeli haikuruhusiwa kwenye boti. Mathieu akamwachia Evariste, akaipiga kengele mara moja tu, akapanda bila kugeuka nyuma. Nikampa nafasi yangu kwenye kivuli.

Evariste amesimama gatini mpaka amekuwa nukta. Mungu amlinde. Sina rafiki mwingine wa namna hiyo.

Jumapili, 10 Mei. Kigoma.

Wako kwangu: Léocadie kitandani na shangazi yangu, niliyemwita alale naye, maana yeye na Mathieu hawajafunga ndoa na mimi ni mtu wa dini. Mimi na Mathieu tunalala jikoni. Anakoroma. Nimemwombea kazi stesheni. Ataanza kesho, chini yangu. Bwana stesheni tayari ananiambia mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Léocadie ameshapata wateja. Jirani anamsifia. Anacheka tena, na pini mdomoni. Nikimsikia akicheka siwezi kuendelea na ninachofanya.

Leo baada ya misa wameniita wote wawili. Wamesema hawana ndugu huku isipokuwa mimi. Wanataka niwe msimamizi wa harusi yao, mwezi ujao.

Nimekubali papo hapo. Wao wakafikiri ni kwa wema! Hawajafikiria sawasawa. Msimamizi husimama hatua mbili tu kutoka kwa bibi harusi. Suti mpya, mwanga wa dirisha unanipiga upande mzuri. Padri atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kutakuwa na kimya kirefu. Léocadie atageuka kidogo, ataniona, na kila kitu kitamjia kichwani. Sitasema neno. Nitasimama tu vizuri.

Mpango huu hauna kasoro. Nimeuchunguza mara mbili.

Sasa nawasha mkaa wa pasi. Shati la harusi la Mathieu limekunjamana vibaya kwenye boti, na kola ni ya kushonwa upya. Nimempa langu jeupe, ndilo ninalolipiga pasi. Lazima apendeze siku hiyo. Sitaki Léocadie aone aibu mbele za watu.