Leza au Lenzi: Wananigombania

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa. Kila mwanafunzi wa fizikia achague mkondo kabla ya Ijumaa saa sita mchana: leza, ile ya miale mikali ya mwanga, au optiki ya kale, ile ya lenzi na vioo. Asiyesaini anafungasha, anarudi kwao. Binamu yangu kasaini lenzi leo hii hii, bila hata kuvuta pumzi. Mshamba! Mimi sikurupuki. Nitawafanya wahadhiri wote wawili wanitamani, halafu nichague kwa madaha. Mama kapiga simu kuuliza nimechagua nini. Nikamwambia atulie, mwanawe ana akili. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na Mama Lenzi, mhadhiri wa optiki. Nikawahi maabara kabla yake. Nikakuta kioo kikubwa cha darubini kina vumbi. Aibu gani hii! Nikakisugua kwa kitambaa na sabuni ya vyombo hadi jasho likanitoka. Kikang'aa. Kisha kikaacha kung'aa. Kumbe kioo cha darubini hupakwa utando wake unaoakisi mwanga upande wa mbele, si nyuma kama cha bafuni! Utando wote umehamia kwenye kitambaa. Mama Lenzi aliingia, akatazama, akatafuta kiti. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nimewahi kufikiria leza. Huyu mama ananijali kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Jana nilipumzika, akili nayo huchoka. Leo zamu ya Bwana Leza. Nikavaa saa ya chuma inayometameta, ajue hapati mtu wa hivi hivi. Mlangoni wameandika: vua saa na pete. Nikaona hayo ni ya wanafunzi wa kawaida. Nikanyoosha mkono kumwelekeza namna ya kupanga mwale wake. Lo! Mwale ukagonga saa, ukaruka, ukamtoboa koti mfukoni. Moshi! Akazima mtambo, akajipapasa, akanifokea hadi sauti ikamkauka. Mwisho akasema optiki ya kale ina heshima yake, niende huko. Juzi tu alikuwa akiiita sayansi ya mababu. Nimemfungua macho.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewakuta koridoni, uso kwa uso, na hawasemeshani miaka nenda rudi. Nikajibanza nyuma ya kabati. Mama Lenzi anasema mchukue wewe. Bwana Leza anasema thubutu, wewe ndiye uliyenitumia huyu. Wananyosheana vidole hadi puani! Jamani, wananigombania! Moyo ulinidunda kwa raha. Binamu akaja mbio, akanishika shati, akanisihi nisaini chochote, hata kama ni kwa penseli, muda unayoyoma. Wivu huo. Ukisaini mapema unajishusha. Nitatokea saa saba, wanibembeleze vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Dirisha la usajili lilifungwa jana saa sita. Nilipotokea saa saba, karani hakuinua hata uso. Nikiwa nafungasha, nimepita kantini, nikawaona Mama Lenzi na Bwana Leza meza moja, wanakunywa chai, wanacheka hadi wanafutana machozi. Maskini. Wamenikosa wote wawili, sasa wanajikaza. Nimempigia Mama, nikamwambia nimewaacha kwanza wanitamani hadi mwakani. Akalia sana. Nami nikalengwalengwa na machozi, maana si kila mzazi hujaliwa mtoto anayegombaniwa hivi.