Blokaji yangu mbele ya timu nzima

Leo nimejiaibisha kazini, tena nikiwa nimefumba macho.

Mnajua niko kwenye majaribio katika kampuni ndogo hapa Lubumbashi. Tunatengeneza programu ya simu ya kuagizia samaki wa Kasenga. Leo bosi alikuwa aamue kama nabaki au narudi nyumbani, mtaa wa Bel-Air, kumsaidia mama kupika. (Mama alishaanza kunitengea sufuria.)

Asubuhi akaja mwalimu, Papa Dieudonné, kutufundisha Scrum. Ni namna ya kufanya kazi kwa vipande vifupi: timu inamaliza kipande, inamwonyesha mteja, inasahihisha, inaendelea. Na kila asubuhi inakutana kidogo, watu wakiwa wamesimama. Mpaka hapo nilielewa, nikawa natikisa kichwa kama msomi.

Akatupanga kwa duara. "Kila muntu aseme: jana alifanya nini, leo atafanya nini, na blokaji yake iko nini. Miye, kazi yangu ni kutosha ma blokaji."

Sasa jamani. Kwetu, ukisimama kwa duara na mtu akakuuliza blokaji yako, uko kwenye maombi. Blokaji ni kile kinachokufungia baraka. Na anayeitosha, yaani anayekuondolea, huwa anakuwekea mikono kichwani. Nilishangaa kidogo, lakini mtu wa majaribio habishi.

Zamu yangu ikafika. Nikafumba macho.

"Papa, blokaji yangu iko fasi ya ndoa. Bachumba banafika mpaka ku mulango, banarudia. Na tena, naogopa kusema kama bamama benye kuuzisha samaki habawezi kutumia programu yetu. Maandishi iko madogo sana."

Nikainamisha kichwa, nikangoja mikono.

Mikono haikuja. (Nilingoja sana.) Nilipofumbua jicho moja, Trésor, fundi wetu wa programu, alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Kumbe blokaji ya Scrum ni kile kinachokwamisha kazi tu.

Bosi akaniuliza: "Clarisse, ile ya maandishi, juu ya nini haukuisema mbele?"

"Niliogopa, patron."

"Basi utabakia. Ndjo kazi yako, kutuambia."

Nilifurahi mpaka aibu ikapungua. Papa Dieudonné akabandika karatasi ukutani, chini ya "Ya kufanya": kukuza maandishi. Trésor naye akabandika yake kando: ndoa ya Clarisse. Walicheka mpaka saa ya chakula.

Jioni, nikichukua mkoba, nimekuta karatasi ya pili, ile ya ndoa, imehamishwa. Iko chini ya "Inaendelea", safu ya kazi zilizokwisha kuanza. Trésor alikuwa peke yake ofisini, anaandika kwa bidii kwenye kompyuta iliyozimwa.

Msinicheke, tafadhali. Kesho navaa kitenge kipya.