Msonobari Wangu na Haibiskasi ya Jirani

Jumamosi, 3 Machi

“Msonobari ni mti wa msituni. Bustani ndogo kama hiyo yako inataka haibiskasi.” Maneno ya Mpima, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mpima ardhi mstaafu ambaye viwanja vimemwishia na sasa anapima maisha ya watu. Kayatoa akiwa kwenye roshani yake, mbele ya mke wangu, bila kuombwa.

Namjibu. Ua la haibiskasi hufunguka asubuhi, na kesho yake limejisokota kama karatasi iliyotupwa. Mmea gani huo wa kuzaa takataka kila siku na bado ukasifiwa? Tena huita vidukari, vile vidudu vinavyonyonya majani. Tena hauna msimamo: unaukata huku, unachipua kule. Msonobari husimama. Haumbembelezi mtu. Kijani chake ni kile kile mwaka mzima. (Mke wangu kanikumbusha kwamba haibiskasi nayo haipukutishi majani yake. Sikumwuliza.)

Na sababu kubwa, ambayo siiandiki popote ila hapa: msonobari huziba. Dirisha la chumba ninachoandikia linatazamana na roshani ya Mpima. Si mara moja hoja yangu imetokea kwenye barua zake gazetini kabla sijaipeleka mimi. Anasoma karatasi zangu kutoka kule juu. Ana darubini za kazi yake ya zamani. Mke wangu anasema darubini hizo alizirudisha ofisini alipostaafu, na kwamba mimi husoma kwa sauti ninapoandika, barabara nzima inasikia. Uzushi.

Jumanne, 6 Machi

Mambo yamekuwa mazito. Mama mkwe, aliyevunjika nyonga, akiruhusiwa kutoka hospitali atakuja kukaa kwetu. Chumba chake ni chumba changu, maana ndicho pekee kisicho na ngazi. Meza yangu inabaki kwenye kona. Nimeipigania. Kitanda kitakaa dirishani.

Mke wangu anasema mama yake amelala muda mrefu akitazama ukuta wa wodi, na ameomba jambo moja tu: akifumbua macho aone rangi. Naye kamwahidi. Alikuwa anakunja shuka wakati ananiambia, akaendelea kulikunja lile lile mpaka likawa dogo kama kitabu.

Nikasema kijani nacho ni rangi.

Hakucheka.

Chini ya dirisha pana nafasi ya mmea mmoja. Tumekubaliana hivi: msonobari wangu na haibiskasi ya Mpima (kaitoa bure, jambo ambalo peke yake linatia shaka) vikae hapo nje kwenye vyungu vyake. Siku Mama atakapofika, kilicho na afya zaidi ndicho kitakachopandwa. Nilikubali haraka, mpaka mke wangu akanitazama mara mbili. Hajui nina mipango.

Jumatano, 14 Machi

Naulea msonobari. Maji asubuhi, maji jioni, mbolea ya kuku juu yake. Mke wangu anasema harufu imefika sebuleni. Nimemwambia hiyo ni harufu ya ushindi.

Leo Mpima kaniita kutoka roshani, kwa jina la utani alilonibandika kwa ajili ya barua zangu za gazetini. “Bwana Mhariri, huo si mchicha. Msonobari haupendi miguu yake ilowe. Uache ukauke kidogo.”

Nikamshukuru kwa adabu zote. Nikaingia ndani, nikakaa, nikafikiri. Mtu anayetaka haibiskasi ishinde ananishauri niunyime maji mti wangu. Ananiona mtoto wa jana. Nimeongeza maji ya mchana.

Jumapili, 25 Machi

Mke wangu alipokwenda kumwona mama yake, nilitoka na mkasi wa bustani. Haibiskasi ilikuwa imejaa matumba mekundu, imejinenepesha, inanitazama. Niliikata. Sikupunguza ncha kama waoga. Niliikata mpaka vikabaki vigutu, kama vidole vya mtu anayeomba kitu.

Mpima alikuwa anakunywa chai roshani. Aliona kila kitu. Hakusema neno, na huo ndio ushahidi: asiye na njama angepiga kelele.

Mke wangu aliporudi nilimweleza habari za vidukari. Alikaa kwenye kizingiti, akaokota matawi moja moja, akachagua yaliyokuwa na matumba, akayatia kwenye chupa ya maji. Kisha akarudi hospitali nayo, na hata viatu alikuwa hajavivua. Mlangoni aligeuka. “Ungesema tu kwamba hutaki aje.”

Nilitaka kumwambia kwamba sivyo, tatizo ni Mpima. Nikaona itasikika vibaya. Nimekula peke yangu. Chakula hakikuwa na chumvi, au ni mimi.

Alhamisi, 12 Aprili

Ncha za msonobari zimegeuka rangi ya shaba. Nimemweleza mke wangu kwamba huo ni ukomavu. Kasema hata yeye amekomaa lakini hanyauki.

Ajabu ni haibiskasi. Kila kigutu kimetoa machipukizi mawili, vingine matatu. Imekuwa pana kuliko zamani. Matumba hayahesabiki. Hili si jambo la kawaida. Kuna mtu anaingia hapa kuihudumia. Nimefunga uzi mwembamba getini, chini kabisa, nijue ni nani. Uzi umekatika leo leo. Aliyeukata ni mimi, nikiingia na ndoo ya msonobari. Nimeanguka. Maji yote yameingia kwenye haibiskasi.

Jumapili, 22 Aprili

Mama kafika.

Asubuhi niligusa msonobari, majani yake ya sindano yakamwagika yote mkononi mwangu. Niliuvuta, ukatoka kwenye chungu kama kijiko kwenye uji. Mizizi ilikuwa myeusi na inanuka. Haibiskasi, pembeni, ilikuwa inawaka. Sina neno lingine. Inawaka. Mke wangu kaipanda mwenyewe, kakataa nimshikie jembe.

Mama aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Amekonda. Kiti kikasimamishwa mbele ya dirisha, naye akaanza kupangusa macho kwa ncha ya khanga. Akasema kule wodini matumba mawili ya kwenye chupa yalifunguka, na wagonjwa wenzake wakawa wanaomba vitanda vyao visogezwe karibu. Halafu akauliza ni nani aliyeipogoa. Wengi huogopa, alisema, wanadokoa dokoa ncha tu, mmea unarefuka bila maua. Huyu ana mkono.

Mke wangu alinitazama. Mpima, aliyekuja na ndizi bila kualikwa, alinitazama pia. Mke wangu akajibu taratibu, “Mkweo huyo.”

“Kumbe, mwanangu,” Mama akaniambia, “miaka yote hii nilikudhani mtu wa maneno tu.”

Mpima alicheka mpaka akavua miwani. Mke wangu kanishika bega, akauacha pale mkono wake kwa muda mrefu. Jioni kaniwekea kipande kikubwa cha nyama. Wananilainisha. Kuna jambo wanalitaka.

Jumapili, 29 Aprili

Wiki nzima nimetafakari, mezani kwenye kona yangu, huku Mama akisinzia na wekundu ule ukimwangukia shukani. Analala vizuri. Sikatai. Lakini ukweli hauna huruma, nao ni huu.

Msonobari haukuzidishiwa maji. Ulipungukiwa. Mpima alijua kwamba nitashuku ushauri wake, kwa hiyo alinipa ushauri wa uongo ili niukatae kwa nusu tu na nijione mshindi. Nami nikaingia mtegoni, nikaongeza maji ya mchana tu. Nusu ya ushujaa. Na haibiskasi nayo niliionea huruma: niliacha vigutu virefu mno.

Nimenunua msonobari mwingine. Uko nyuma ya banda, kwenye pipa, umezama mpaka shingoni.

Sasa nawaambia ninyi watatu, mke wangu, Mpima, na wewe Mama, kwa kuwa najua mnaifungua shajara hii kila nikienda kuoga: msiuguse msonobari huo. Msiutoe kwenye maji. Na mkasi wa bustani, ambao tangu juzi siuoni mahali pake, nautaka kesho asubuhi juu ya meza yangu, umenolewa, kwa sababu haibiskasi hiyo nitaikata tena, na safari hii naikata mpaka chini kabisa.